Vipimo vya karatasi visiishie katika maabara za ng'ambo

Mtu asiye na mizani hununua nyama kwa kuamini maneno ya mwenye bucha. Akiambiwa ni kilo moja, hana budi kuitikia. Na akipunjwa, hatajua ila jioni, chakula kitakapokwisha kabla ya watoto kushiba. Hali hii, ambayo kila mlaji huiogopa sokoni, ndiyo hali ya Wakenya wengi katika mambo mazito kuliko nyama: maji wanayoteka, udongo wanaouchezea watoto wao, na damu inayozunguka mwilini mwao. Yaliyomo humo hatuyajui mpaka mwenye maabara atuambie. Naye yu mbali, ana foleni ndefu, na hafanyi kazi bure.

Kisa cha mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kingali kinatufunza. Hapo palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, na sumu yake ikawafikia wakazi. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa na kiwanda hicho, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe mchanga kupatikana na risasi mwilini. Ujasiri wake ulimpatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Mnamo 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, kesi ikapanda ngazi za rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Desemba 2024 iliwapa wakazi ushindi.

Risasi iliyoyeyuka majini haina rangi wala harufu. Mtoto aliyeathirika huumwa tumbo, hupungukiwa damu, na akili yake hudumaa polepole. Dalili hizo zafanana na za maradhi mengine mengi, na mzazi aweza kumtibu malaria mwaka mzima ilhali adui ni mwingine. Katika vita vya namna hii, silaha ya kwanza ya mnyonge ni tarakimu. Kilio cha mama hupuuzwa kwa urahisi, lakini tarakimu iliyopimwa sawasawa haipuuziki hivyo, si mbele ya chifu wala mbele ya jaji. Ndiposa naamini kwamba sayansi ndogo inayokua ng'ambo tangu miaka ya 2000, ya kutengeneza vihisi vya karatasi vinavyopima kwa umeme, yafaa ishughulikiwe na walimu na wanafunzi wa nchi hii kabla haijatufikia ikiwa bidhaa nyingine ya kununua.

Karatasi si mgeni katika maabara. Kila mwanafunzi wa kemia amewahi kuchovya litmasi akaona ikigeuka nyekundu kwa asidi na buluu kwa alkali. Umeme nao uliwahi kukutana na karatasi zamani: Alessandro Volta, Mwitaliano aliyeutangazia ulimwengu betri ya kwanza mwaka wa 1800, alipanga visahani vya metali mbili tofauti na kutia katikati yake karatasi nzito au kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Lakini litmasi husema "ndiyo" au "la". Haielezi ni kiasi gani. Umeme ndio uwezao kueleza kiasi, kwa sababu Michael Faraday alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba kiasi cha dutu kinachobadilika kwenye elektrodi hulingana na kiasi cha umeme uliopita.

Mwaka wa 2007 kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lilichapisha makala kuhusu karatasi iliyochorwa mifereji ya kupimia sukari na protini katika mkojo; majibu yalisomwa kwa rangi. Mnamo 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, Bangkok, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, walitia elektrodi katika karatasi ya namna hiyo na kupima sukari, lakteti na asidi ya yuriki kwa umeme. Mwaka uo huo Emanuel Carrilho, mtaalamu kutoka Brazili, alishirikiana na kundi la Harvard kueleza jinsi ya kuchora mifereji hiyo kwa printa ya nta. Mwalimu na azingatie majina ya nchi hizo. Thailand na Brazili ni nchi za joto kama yetu, zenye vijiji vilivyo mbali na hospitali kuu kama vyetu, nazo hazikungoja kualikwa.

Je, kifaa chenyewe hufanyaje kazi? Maji hupanda katika karatasi kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa koroboi, hapahitajiki pampu. Nta ikichapishwa juu ya karatasi kisha ikapashwa moto, huyeyuka na kupenya hadi upande wa pili, ikawa ukingo usiopitisha maji. Hivyo tone moja huongozwa mahali linapotakiwa, sawa na mkulima wa Mwea aongozavyo maji katika majaruba ya mpunga. Mwishoni mwa mfereji huo huwekwa elektrodi za wino wa kaboni. Wino huo huchapishwa kwa njia ile ile itumiwayo na mafundi wa fulana za kampeni: wavu uliowambwa kwenye fremu, na wino ukisukumwa kwa kipande cha mpira. Wapo hata waliochora elektrodi zao kwa penseli, maana kiini cha penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo, na grafiti hupitisha umeme.

Kwa kawaida elektrodi huwa tatu. Kwenye ya kwanza ndiko mabadiliko ya kemikali yanayopimwa hutukia. Ya pili hukamilisha mzunguko wa umeme. Ya tatu, ambayo mara nyingi huwa ya fedha iliyopakwa kloridi yake, ni shahidi asiyeyumba: volteji hupimwa kwa kulinganishwa naye. Anayepima sukari hutia kwenye karatasi kimeng'enya kinachoishambulia sukari peke yake. Sukari inapovunjwa hutoa elektroni, elektroni hufikishwa kwenye elektrodi, na mkondo wa umeme huongezeka kadiri sukari ilivyo nyingi.

Risasi hupimwa kwa hila nyingine. Kwanza elektrodi hupewa volteji hasi, ili chembechembe za risasi zilizotawanyika majini zivutwe na kujikusanya juu yake, kama mtu atiavyo sarafu katika kibubu siku baada ya siku. Kisha volteji hupandishwa pole pole kuelekea upande chanya. Kila metali huachia elektrodi kwenye volteji yake maalumu, na ikiachia huzua mkondo unaopanda na kushuka kama kilima. Mahali pa kilima hutaja jina la metali, na ukubwa wake hutaja kiasi. Kwa hila hiyo ya kukusanya kwanza na kuhesabu baadaye, kiasi kidogo mno huonekana. Nacho chahitaji kuonekana, kwani kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limeelekeza kisipitwe katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za risasi kwa kila lita, yaani gramu moja katika lita 100,000 za maji. Kundi la Harvard lilionyesha mnamo 2010 kwamba risasi majini yaweza kupimwa kwa hila hii juu ya karatasi.

Msomaji makini atauliza: kama karatasi ni ya senti chache, mashine ya kuisoma je? Swali hili ni la haki, kwani karatasi ya umeme bila kisomaji ni bubu. Hapo zamani kisomaji cha namna hii kilikuwa sanduku la bei ghali lililofungiwa katika maabara ya chuo kikuu. Lakini mnamo 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha ramani na maelezo yote ya kisomaji kiitwacho CheapStat, ambacho mtu aweza kujiundia kwa gharama isiyofika dola 80 za Marekani. Walisema waziwazi kwamba kilikusudiwa kutumika katika kufundisha pia. Mnamo 2014 kundi la Harvard likatangaza kisomaji kingine cha takriban dola 25, kinachotuma majibu kwa njia ya sauti kupitia simu yoyote ya mkononi, hata ile isiyo na intaneti. Mkenya aliyetuma pesa kwa simu ya "mulika mwizi" hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Wapo watakaonicheka. Watasema kwamba karatasi ni sayansi ya maskini, na kwamba Mkenya anastahili mashine kamili kama za Ulaya. Nawajibu kwamba kifaa kinachotumiwa na tajiri wa Nairobi mwenye kisukari, anapojidunga kidole asubuhi, ni cha ukoo huu huu. Kilitokana na wazo la kimeng'enya na elektrodi ambalo Leland Clark na mwenzake walilichapisha mwaka wa 1962, na mita ya kwanza ya umeme ya kupimia sukari nyumbani ilitoka mwaka wa 1987. Tajiri haionei haya. Tofauti iko kwenye mfuko. Mita hununuliwa mara moja, lakini kijiti cha kupimia hutupwa baada ya tone moja, na mgonjwa lazima anunue kingine kesho na keshokutwa. Mwenye kukosa pesa hupima mara moja kwa wiki, au haponi na aibu ya kukisia. Taifa linalonunua vijiti vyake vyote kutoka nje limeweka afya ya watu wake chini ya bei ya mwingine.

Lipo pingamizi lenye uzito zaidi, nalo ni la usahihi. Kipimo cha uongo ni kibaya kuliko kukosa kipimo, kwa kuwa humpa mtu utulivu asiostahili. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa. Kimeng'enya huharibika kwa joto. Kundi moja la karatasi laweza kutofautiana na lingine. Na maji ya kisima yana vitu chungu nzima viwezavyo kuudanganya mkondo. Hata mashine zilizoidhinishwa hukosea. Mnamo Mei 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba vipimo fulani vya risasi, vinavyofanya kazi kwa hila ile ile ya kibubu niliyoieleza, vilikuwa vikitoa majibu ya chini kuliko ukweli vilipotumiwa kwa damu iliyotolewa kwenye mshipa, na ikashauri baadhi ya watoto wapimwe upya. Ikiwa hayo yalitokea Marekani, sembuse kwetu?

Nalikubali pingamizi hilo, na kwa sababu yake nashikilia kwamba mahali pa kuanzia ni shuleni. Taifa lenye watu wasiojua maana ya kipimo litadanganywa na kifaa cha bei ghali sawasawa na cha bei nafuu. Anayejua maana yake huuliza maswali: Kifaa hiki kimelinganishwa na mmumunyo gani ambao kiasi chake kinajulikana? Kimerudiwa mara ngapi? Tofauti ya majibu ni kiasi gani? Maswali hayo ndiyo moyo wa sayansi, lakini katika madarasa yetu mengi hufunikwa na ukaririji. Mwanafunzi hutamka sheria za Faraday pasipo kusita, akakokotoa kwa kulombi 96,500 kwa moli, naye hajawahi kuuona mkondo wa umeme ukibadilika kwa sababu ya kitu alichokitia kwenye maji kwa mkono wake.

Sababu inayotolewa kila mara ni ukosefu wa vifaa. Ni sababu ya kweli, ila si mpya, na waliotutangulia waliwahi kuitafutia dawa. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mnamo 1998 kwa ushirikiano na Japani ili kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliwahimiza walimu wabuni vifaa kutokana na vitu vilivyo karibu nao. Ubunifu huo ulihesabiwa kuwa nguzo mojawapo ya somo zuri. Kihisi cha karatasi ni mtoto halali wa fikira hiyo.

Mwalimu aweza kuanza na karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa kwa mmumunyo wa iodidi ya potasiamu na wanga kidogo. Mwanafunzi aiguse kwa ncha mbili za grafiti ya penseli zilizounganishwa na betri ya volti 9. Kwenye ncha ya upande chanya patatokea rangi ya buluu iliyokoza, kwani umeme umeitoa iodini katika chumvi yake, na iodini ikakutana na wanga. Hapo amefika kwenye litmasi: anajua "ndiyo". Sasa mmumunyo huo utiwe katika kikombe pamoja na maji ya chungwa, grafiti zitumbukizwe humo, na kikombe kikorogwe. Vitamini C huimeza iodini inapozaliwa, na rangi haitadumu mpaka vitamini yote iishe. Mkondo ukidumishwa pasipo kubadilika, muda wa kungoja rangi huwa ndio kipimo cha vitamini. Darasa zima lirudie, lilinganishe majibu, ligombane kuhusu tofauti zao. Siku hiyo Faraday atakuwa ameingia darasani mwenyewe.

Nionye hapo hapo kwamba mwanafunzi asipewe risasi wala zebaki achezee kwa kisingizio cha utafiti, na kwamba majibu ya darasani yasitangazwe kijijini kana kwamba ni hukumu. Darasa ni mahali pa kujifunza kupima. Kipimo cha kumfikisha mtu mahakamani kina njia yake.

Kutokana na hayo, nina mambo matatu ya kuwaomba wahusika. La kwanza lawahusu Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala na Baraza la Kitaifa la Mitihani. Mtaala wa umilisi umeanzisha mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati katika sekondari pevu, na umeahidi kwamba mwanafunzi atatathminiwa kwa anachoweza kutenda. Basi kupima kwa umeme, kulinganisha na kiwango kinachojulikana na kukadiria kosa viwe miongoni mwa matendo hayo. Mwalimu naye apewe mafunzo kwanza, kwani haifai kumdai mtu asichowahi kupewa.

La pili lawahusu vyuo vikuu vyetu na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa. Wanakemia wetu wanazo akili za kutengeneza vihisi hivi; wanachokosa mara nyingi ni daraja kati ya tasnifu na duka. Tasnifu hufungwa jalada gumu, ikawekwa kwenye rafu, na mwenyewe akavaa joho. Shirika litoe mwongozo wa wazi unaoeleza kipimo cha karatasi kinapaswa kuthibitishwa vipi kabla ya kuuzwa. Mwongozo huo utamlinda mnunuzi dhidi ya laghai, na utampa mbunifu mwaminifu njia ya kupita.

La tatu lawahusu magavana. Huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti. Kipimo cha karatasi ni sawa na mlinzi wa lango anayepiga mbinja. Anayekuja kuthibitisha lazima awepo. Kila kaunti iwe na njia inayojulikana ya kupeleka sampuli inayotiliwa shaka kwenye maabara iliyoidhinishwa, na majibu yarudishwe kwa wenye kisima, yasifungiwe kwenye faili. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42, haki ya maji safi na salama katika Kifungu cha 43, na haki ya raia kupata habari zilizo mikononi mwa serikali katika Kifungu cha 35. Lakini haki ya maji safi kwa mtu asiyeweza kujua kama maji ni safi ni kama hati ya shamba mikononi mwa mtu asiyejua mpaka wake.

Kwa walimu, hasa wale wa shule zisizo na maabara ya kuonea fahari, nasema msingoje kontena litie nanga Kilindini. Karatasi mnayo, penseli mnayo, na watoto wenye maswali wamejaa madarasani. Kwa wanafunzi nasema kwamba maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule yamejaa mifano ya volkano na taa za barabarani. Mwakani mmoja wenu apeleke karatasi inayopima kitu ambacho jirani zake wanataka kukijua, aeleze ilivyolinganishwa, na akiri mahali inapokosea. Jaji mwenye busara atamtambua. Na siku kiwanda kingine kitakapojengwa karibu na makazi ya watu, pawepo mtaani humo vijana wawezao kuuliza: Kiasi gani? Nani kapima? Kwa kifaa gani?